Saa Sitini za Chaki

Wanafunzi walimwita Mizani. Yeye alilijua jina hilo na hakulichukia. Kazi yake chuoni ilikuwa moja: kabla jina la mtu halijaingia kwenye orodha ya wahitimu, faili lake lilipita mezani kwake, naye alihesabu. Shahada ilikuwa krediti mia moja na ishirini. Mia moja na kumi na tisa haikuwa shahada. Ilikuwa mtu anayerudi nyumbani kuwaambia wazazi wake warudishe viti vya kukodi.

Alihesabu kwa rula ya chuma na penseli nyekundu. Kompyuta ilikuwepo, imefunikwa kitambaa, na ilikuwa na jumla yake. Mizani aliisoma jumla hiyo mwishoni kabisa, kama mtu anayemsikiliza shahidi asiyemwamini. Rula ilishuka mstari kwa mstari: jina la kozi, aina yake, saa zake, krediti zake. Kanuni ilikuwa fupi. Saa kumi na tano za mhadhara ni krediti moja. Saa thelathini za vitendo ni krediti moja. Mhadhara ni mwalimu anasema na wewe unaandika. Vitendo ni mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo kozi mbili za saa sawasawa, moja ya kusikiliza na nyingine ya kushika, hazikuwa na uzito mmoja. Ya kushika ilipata nusu.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, faili la mdogo wake lilifika mezani.

Hakulifungua. Alilibeba hadi kwa Msajili, mwanamke mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine juu ya kichwa, ambaye alizitafuta zote mbili kila siku.

"Mama, hili ni la mdogo wangu. Tumbo moja. Kanuni inasema nisilishike."

"Na kanuni inasema nani alishike? Mwenzako yuko likizo ya uzazi. Mimi nikihesabu nitapata namba ya simu." Alimrudishia faili. "Hesabu. Nitarudia nyuma yako. Ukimpunja nitajua, ukimzidishia nitajua."

"Na nikimpa haki yake?"

"Hapo hakuna atakayejua. Ndiyo kazi yenyewe."

Mdogo wake alikuwa msaidizi wa maabara hospitalini kwa mwaka wa saba sasa. Alikuwa ameacha chuo akiwa amebakiza mradi wa mwisho tu, mwaka ule baba yao alipoanguka bafuni na kulala miaka miwili bila kugeuka mwenyewe. Mmoja alipaswa kubaki nyumbani. Mizani alikuwa na ajira. Mdogo wake alikuwa na masomo. Hawakuliamua jambo hilo kwa kikao, lilijiamua. Mwaka huu alirudi, akaandika mradi, akautetea, akafaulu. Na ilimbidi awahi, kwa sababu kozi nazo zilikuwa na tarehe ya mwisho, kama dawa. Zikipita miaka kumi, zinatupwa. Kozi zake za mwaka wa kwanza zingefikisha miaka kumi mwisho wa mwezi huu. Asipoingia kwenye orodha ya Ijumaa saa sita mchana, krediti thelathini na nane zingemfia mkononi.

Mizani aliweka rula. Kwenye mstari wa ishirini na tatu, rula ilisimama.

Hadubini ya Kitabibu. Vitendo. Saa sitini. Krediti nne.

Sitini kwa thelathini ni mbili. Alirudia, ingawa hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili haimsumbui. Mbili. Kando ya ile nne, iliyoandikwa kwa mkono juu ya namba iliyokatwa, kulikuwa na sahihi ndogo ya karani aliyebadilisha. Ilikuwa sahihi yake mwenyewe, ya miaka minane na ushee iliyopita, alipokuwa karani mpya mwenye shati moja la kazini.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, alipita kwa mama yao. Mama alikuwa fundi cherehani aliyestaafu kwa maneno tu. Mdogo wake alikuwa amesimama juu ya kigoda, amevaa gauni la mahafali ambalo bado lilikuwa vipande vilivyoshikana kwa pini.

"Una mia moja na kumi na nane," Mizani alisema kabla hajakaa.

"Kaka, acha utani. Nina pini kumi na mbili mwilini."

"Sina utani. Hadubini imeandikwa nne. Ilipaswa kuwa mbili."

"Nani aliandika nne?"

"Mimi."

Mama alitoa pini mdomoni. "Wewe ulimpa nne, na wewe unamnyang'anya mbili. Kama bado mnagombania shuka mngeniambia mapema, mimi nimeshakata kitambaa."

"Sikumpa yeye, mama. Niliwapa darasa zima, watu arobaini na wawili. Sikumbuki kwa nini."

"Na hao arobaini na mmoja wengine?" aliuliza mdogo wake.

"Walishahitimu zamani. Mkaguzi wa wakati ule alikuwa anajumlisha safu ya mwisho, anapiga mhuri, anakwenda kunywa chai."

"Kwa hiyo wao wana shahada, mimi nina kaka."

Mama alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akarudi kwenye pindo.

"Hebu nieleze," mdogo wake alisema. Hakuinua sauti, pini hazikumruhusu. "Vitendo vina kosa gani hata vihesabiwe nusu? Mkono wangu ni nusu ya sikio?"

"Saa moja ya mhadhara inabeba saa mbili za kujisomea nyumbani. Vitendo ukitoka maabara umemaliza. Ndivyo wanavyohesabu."

"Nyumbani nilikuwa namgeuza baba kitandani. Hizo nani alinihesabia?"

Mizani hakuwa na safu ya kuziweka saa hizo. Mama aliendelea kupinda, taratibu zaidi.

"Halafu vitendo gani?" mdogo wake alisema, akitazama ukuta. "Hadubini yenyewe hatukuishika."

"Unasemaje?"

"Zilikuja kumi na mbili, hazina lenzi. Umesahau? Chuo kizima kilituchekea. Mzee Duara akafundisha muhula wote kwa chaki. Anachora duara ubaoni, anasema, hili ndilo jicho lenu, angalieni. Tunaangalia. Anajaza chembe za damu, moja moja, na vimelea vyake. Saa sitini. Tulitoka pale weupe kama waokaji."

"Alikuwa anachora vizuri?" mama aliuliza.

"Vizuri mno, mama. Nilipokuja kuona damu yenyewe hospitalini, nilidhani imemwiga."

Mizani alikuwa ameshasimama. Mdogo wake alimuuliza anakwenda wapi, naye akasema anakwenda kazini, na mama akamkumbusha kwamba kazini kumefungwa. Akakaa tena, akanywa chai bila kujua anakunywa.

Jumanne asubuhi alishuka kwenye chumba cha kumbukumbu chini ya ngazi, ambako madaftari ya walimu yalipangwa kwa miaka na kuliwa na mende bila mpangilio. Mzee Duara alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Daftari lake la vipindi lilikuwa na jalada la kijani, kona zimetafunwa. Kila kipindi kilikuwa na mstari wake, tarehe, mada, saa na sahihi. Na kwenye safu ya mwisho, mara thelathini, kwa kuwa kila kipindi kilikuwa cha saa mbili, mwandiko uleule ulirudia maneno yaleyale bila kuchoka wala kufupisha: Mhadhara. Hadubini hazina lenzi.

Hapo ndipo Mizani alipokumbuka. Mzee alikuwa amekuja dirishani kwake, ana chaki kwenye nyusi, akaweka daftari hilohilo kaunta. "Kijana, andika nilichofanya. Usiandike nilichotakiwa kufanya." Karani mpya alikuwa amefungua kanuni, akagawanya sitini kwa kumi na tano, akakata mbili, akaandika nne, mara arobaini na mbili. Alikuwa sahihi. Lakini neno "vitendo" lilikuwa limechapwa tayari kwenye fomu, na karani mpya aliogopa kukata kilichochapwa. Akabadilisha namba, akaliacha neno. Kwa hiyo tangu siku ile majalada arobaini na mawili yalisema jambo ambalo kwa kanuni za chuo haliwezekani, na kila aliyeyasoma alitazama namba tu.

Alikaa juu ya sanduku. Alifarijika kwa ajili ya mdogo wake, na aliona aibu kwa ajili ya yule kijana wa shati moja. Hivi viwili havikujumlishika.

Msajili alisoma daftari lote, kwa miwani ya kwanza na kisha kwa ya pili.

"Vizuri," alisema. "Fomu ya marekebisho ya aina ya kozi. Inataka daftari la mwalimu, unalo. Inataka tamko la mwombaji, utalipata. Na inataka shahidi mmoja wa darasa lile, asiwe mwombaji, asaini mbele yako. Kabla ya Ijumaa saa sita."

Siku nzima ya Jumatano Mizani alipiga simu. Alimpigia mdogo wake jioni.

"Nimejaribu tisa, hao tu ndio namba zao zimo kwenye mafaili. Watatu wako ng'ambo, wanne namba zao hazipatikani, mmoja amehamia mbali kuliko Ijumaa. Wa tisa amenikatia, anadhani mimi ni tapeli."

"Kwa hiyo?"

"Karibu yupo mmoja tu. Mko naye maabara moja."

Mdogo wake akasema, "Basi gauni mama ampe mtu mwingine," na akaeleza. Mkuu wa maabara alikuwa anastaafu. Nafasi ilidai shahada. Mkuu wa zamu, kijana aliyesoma naye darasa moja, alikuwa ameomba, na hakuwa na mpinzani. Jopo lingekaa wiki ijayo. Siku ambayo msaidizi wa miaka saba angepata shahada, mpinzani angekuwepo.

"Nitakuja kesho saa nne," Mizani alisema. "Fomu inasainiwa mbele yangu."

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye sinki lililokwisha kuwa zambarau kwa rangi, rafu ya slaidi zinazokauka, hadubini tatu dirishani, na kidirisha ukutani ambako manesi walipokelea majibu. Mkuu wa zamu alimwamkia Mizani kwa heshima zote, akampa kigoda, akasoma fomu akiwa amesimama. Koti lake lilikuwa na kalamu nne mfukoni.

"Nathibitisha kwamba katika kozi hii mimi na wanafunzi wenzangu hatukutumia hadubini," alisoma. Alirudia kimoyomoyo. "Mzee, nikisaini hapa, cheti changu cha matokeo si kitabadilika?"

"Kitabadilika neno moja. Namba inabaki nne."

"Neno gani?"

"Vitendo. Litaandikwa mhadhara. Nitayarekebisha mafaili yote ya darasa lenu, hata usiposaini. Bila sahihi yako nitachelewa tu, na yeye hatawahi."

"Kwa hiyo wiki ijayo nakaa mbele ya jopo, wanafungua karatasi, wanasoma: hadubini, alisimuliwa."

"Na yangu watasoma hivyohivyo," mdogo wake alisema kutoka kwenye sinki. Alikuwa anaosha bila kugeuka.

"Wewe huna cha kupoteza, dada."

"Nina mia moja na kumi na nane za kupoteza, bosi."

"Ndiyo unaniomba nikusaidie unipiku?"

"Nakuomba useme kama tulizishika au hatukuzishika."

Mkuu wa zamu aliweka fomu juu ya meza, mbali kidogo na maji, kama kitu asichotaka kukiharibu wala kukichukua. "Nina kazi, mzee. Samahani."

Mizani hakuondoka. Alikuwa amezoea kukaa na watu wasiotaka kusaini. Kidirisha kiligongwa, uso wa nesi ukajitokeza.

"Yule mama wa wodi ya pili. Daktari anauliza kwa mara ya tatu, aanze dawa ya malaria au asianze?"

"Dakika moja."

"Uliniambia hivyo saa tatu."

Mkuu wa zamu alikaa kwenye hadubini ya katikati. Slaidi ilikuwa palepale, tone la mafuta juu yake limeshatambaa. Aliinama, akainuka, akafuta kioo cha jicho kwa kitambaa, akainama tena. Mizani, ambaye hakujua chochote kuhusu damu, alijua sura ya mtu anayejumlisha safu ileile na kupata majibu mawili. Ilikuwa robo saa hivi. Kisha kijana alisema, bila kuinua kichwa na kwa sauti ya chini:

"Dada, hebu."

Mdogo wake alikausha mikono. Fomu ilikuwa juu ya meza, nusu hatua kutoka kiwiko chake. Mizani alisubiri aseme. Lilikuwa jambo la sentensi moja: saini kwanza. Yeye mwenyewe kichwani alikuwa ameshaipanga. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakiipata nafasi kama hiyo, na hakumkumbuka aliyeiacha ipite.

Mdogo wake hakusema. Hakukaa hata kwenye kigoda. Aliinama tu, akazungusha gurudumu kwa vidole viwili, akasogeza slaidi kidogo, kidogo tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Hivi vidoa ni rangi," alisema. "Leo haikuchujwa. Usivihesabu, vinakudanganya. Lakini njoo huku ukingoni." Alimpisha. "Umeona pete? Nyembamba, ina nukta moja."

"Sioni."

"Shusha mwanga. Umezoea kuuwasha kama unatafuta sindano."

Kijana aliushusha. "Nimeiona."

"Hiyo ndiyo. Sasa hesabu viwanja mia, usikimbilie. Nesi atasubiri, ameshazoea."

Alirudi kwenye sinki. Mkuu wa zamu alihesabu viwanja mia, duara moja la kioo baada ya jingine, akipiga alama kwenye karatasi, mistari minne na wa tano juu yake. Aliandika majibu, akayapitisha kidirishani. Hatua za nesi zilikimbia kwenye korido. Alibaki amekaa, mgongo umewageukia wote wawili.

"Nipe kalamu, mzee," alisema hatimaye.

"Unazo nne mfukoni."

"Hizo ni za maonyesho."

Mizani alimpa. Kijana alivuta fomu, akasaini. Chini ya sahihi palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Eleza unavyojua", ambayo kwa kawaida watu hujaza maneno mawili. Yeye aliandika muda mrefu, mkono wa kushoto umefunika kama mtoto anayezuia kuibiwa majibu. Alikunja karatasi mara mbili, akampa Mizani, hakumpa dada.

"Jopo ni Jumatano," alimwambia dada. "Na mimi siombi radhi, nitaigombania."

"Igombanie. Ila rangi uichuje."

Ijumaa saa nne na nusu, Mizani alifungua fomu hiyo mbele ya Msajili, akaisoma kwa sauti kama kanuni ilivyotaka.

"Nilikuwemo darasani. Hatukushika hadubini hata siku moja. Aliyenifundisha kuitumia ni mwombaji mwenyewe, kazini, miaka minne iliyopita, wiki yangu ya kwanza. Na jana tena."

Msajili alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani. "Hiyo 'na jana tena' inahesabiwa wapi?"

"Haihesabiwi popote."

"Ni krediti ngapi mtu akimfundisha mwenzake?"

"Sifuri, mama. Haina safu."

"Tuikate?"

"Imesainiwa. Siwezi kukata kilichosainiwa."

Msajili alimtazama kidogo, kisha akagonga mhuri pembeni. "Basi ibaki humo faili. Hesabu."

Mizani aliweka rula kwenye mstari wa kwanza, sio wa ishirini na tatu. Hakuruka hata mmoja. Kwenye wa ishirini na tatu alikata neno lililochapwa, akaandika mhadhara, akaendelea kushuka. Alipofika chini alijumlisha, akajumlisha kutoka chini kwenda juu, kisha akafunua kompyuta na kuiuliza. Safari hii walikubaliana. Msajili alirudia nyuma yake, kidole juu ya karatasi, polepole, akapata kilekile. Na namba ya simu hakuipata. Jina liliingia kwenye orodha saa tano na dakika ishirini.

Alipiga simu.

"Mia moja na ishirini," alisema.

"Kamili?"

"Kamili."

Nyuma ya mdogo wake cherehani ilikuwa inakimbia, kisha ikasimama. Sauti ya mama iliuliza anasemaje huyo. Mizani alisikia pua ya mdogo wake ikivutwa, na baadaye kidogo, "Mwambie Msajili asante. Wewe nitakuambia ukija," na simu ikakatwa.

Alikwenda kwenye kabati, akaanza kutoa mafaili arobaini na moja. La kwanza alilolitaka lilikuwa la mkuu wa zamu. Aliweka rula chini ya mstari wa ishirini na tatu. Pale palikuwa na nne yake, na sahihi yake ya zamani, ndogo, ya mtu asiye na uhakika kama ameruhusiwa. Alikata neno lililochapwa. Akaandika la kweli juu yake, akasaini kando, kwa herufi kubwa kidogo, akachukua faili la pili.